PAMPU IKIFA, NANI ALIPE?

Ndugu madereva, makondakta na mafundi,

Huku kwetu Butare, katika Wilaya ya Rusizi (si ile Butare ya kusini ambayo leo ni Huye), gari kuukuu likizimika mlimani mshtakiwa huwa yuko tayari. Mshtakiwa huyo ni dereva. Kabla boneti haijafunguliwa, tajiri amekwisha kutoa hukumu kwa simu: "Umeua pampu, utailipa." Kisha fedha hukatwa mshaharani kidogo kidogo, wala hakuna anayeuliza kama pampu imekufa kweli, au imekufa kwa sababu gani. Sisi hatukubali desturi hiyo. Tunaeleza hapa sababu zetu kwa lugha ya gereji, kwa maana haki ya mfanyakazi haitetewi vizuri na mtu asiyeijua kazi yenyewe.

Kwanza, kosa lithibitishwe. Vani nyingi zinazofika kwetu, pamoja na zile tunazoziita twegerane, zimekwisha kutumika miaka mingi ng'ambo. Zile za petroli zenye injeksheni, zisizo na kabureta, kwa kawaida zina pampu ya umeme ndani ya tanki. Gari la namna hiyo lisipowaka, fundi mwangalifu hakimbilii kushusha tanki. Huanza na mafuta yenyewe, kwani geji ya gari kuukuu husema uongo. Kisha hutazama plagi: zisipotoa cheche, kosa la kwanza liko upande wa umeme wa moto, na pampu haina kesi bado. Kisha fyuzi na relei. Mwisho huchomoa soketi ya pampu na kuweka taa ya kupimia, huku mwenzake akipiga starta. Taa isipowaka, umeme haufiki, na ubovu uko njiani. Taa ikiwaka vizuri, na waya wa masi ni mzima, lakini pampu ikirudishiwa soketi yake inanyamaza, hapo ndipo tunaweza kusema pampu imekufa.

Wako wanaofungua ufunguo, wakatega sikio kwenye tanki, na wasiposikia mngurumo wakatangaza msiba. Hao wanakosea. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 pampu haizunguki kwa kufungua ufunguo tu, bali hungoja starta izunguke. Ukimya huo si ushahidi. Tena pampu ikinguruma lakini gari likakosa nguvu mlimani, ipimwe presha, ambayo kwa injini nyingi za aina hii ni karibu kilo 2.5 hadi 3. Ikipungua, huenda chujio limeziba, na chujio ni bei ndogo kuliko pampu. Dereva aliyekatwa mshahara kwa pampu, kumbe ubovu ulikuwa relei, ameibiwa mchana kweupe.

Pili, tutazame chanzo. Mota ya pampu hupozwa na kulainishwa na petroli ile ile inayopita ndani yake. Tanki likikaa karibu tupu, petroli hukimbilia upande mmoja gari linapopanda mlima, pampu hufyonza hewa, hupata moto na kuchakaa upesi. Takataka za chini ya tanki nazo huziba kichujio chake. Sasa tuulize: ni nani anayelifanya tanki liwe tupu kila siku? Tajiri hudai hesabu kamili kila jioni, iwe mvua au jua. Dereva hubaki na fedha za kununulia lita 3 au 5 kwa safari ya Kamembe, kisha lita nyingine 3 akipata abiria. Hayo si mapenzi ya dereva. Ni mpango wa kazi uliowekwa na mwenye gari, na mwenye mpango ndiye abebe hasara yake. Pampu ni chombo cha kazi kama tairi na breki. Faida ya gari ikiwa ya tajiri, uchakavu wake hauwezi kuwa wa mfanyakazi.

Wala hatusemi kwamba madereva hawana wajibu. Gari likianza kukohoa kwenye kilima, au likikataa kuwaka likiwa moto, dereva na atoe taarifa siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi. Anayenyamaza anampa tajiri fimbo ya kumchapia.

Tatu, usalama wa mafundi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa shimoni. Kabla ya kushusha tanki, waya wa hasi wa betri uchomolewe, presha ya mpira wa mafuta ipunguzwe kwa kitambaa, na pasiwe na sigara, jiko wala kazi ya kuchomelea karibu. Ni aibu kwamba vijana wanaojifunza kazi bado wanaamriwa kuvuta petroli kwa mdomo. Pampu ya mkono ya kunyonyea mafuta si ghali kuliko mapafu ya kijana.

Kwa hiyo, ndugu, tunadai mambo manne. Ubovu upimwe mbele ya dereva, na matokeo yaandikwe. Pampu ya zamani irudishwe pamoja na risiti ya mpya, ili kila mtu aone kilichonunuliwa. Tanki lisishuke chini ya robo, na fedha za robo hiyo zitoke katika hesabu ya gari. Na vipuri viandikwe katika mkataba kuwa ni gharama ya mwenye gari.

Juu ya mkataba, Sheria Na. 66/2018 ya kazi inasema kwamba mkataba usioandikwa hauwezi kupita siku 90 mfululizo. Wangapi kati yetu wameendesha miaka mingi kwa maneno ya mdomo? Mmoja akidai karatasi peke yake, kesho ufunguo anapewa mwingine. Tukidai sote katika kituo kimoja, siku moja, ufunguo huo hautakuwa na wa kupewa.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.