Mkau na Mikau: Deni la Wanakiswahili

Klabu za Wanyamapori za Kenya zilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wenyewe. Jarida lao likaitwa Komba: jina la Kiswahili, ilhali matini yake kwa sehemu kubwa yaliandikwa kwa Kiingereza. Kasoro hiyo ingalipo katika elimu ya mazingira.

Mtoto wa Nunguni, kwenye vilima vya Kilungu, huusikia mukau kwa Kikamba: mti wa nyanda kame za Makueni na Kitui, ambao mbao zake hustahimili mchwa na majani yake hulishwa mbuzi wakati wa kiangazi. Afikapo katika kituo cha mafunzo ya mazingira, aghalabu hupewa Melia volkensii. Kiswahili kimerukwa. Mwelekezi halaumiki; ashindaye juani na watoto hamsini, kisha jioni akaandika ripoti kwa Kiingereza, atapata wapi wasaa wa kuunda istilahi?

Yamkini watakuwepo wasemao kuwa jina la kisayansi latosha. Lamtosha mtafiti wa misitu. Mtoto halimfai kitu aendapo kumsimulia nyanyake. Kiswahili kilichokopa kwa Waarabu, Wahindi na Wareno (tena bila kuomba radhi) hakina sababu ya kuwaonea haya Wakamba. Mkau, mikau: ngeli ya U-I iko tayari kuupokea.

Vyama vya Kiswahili vyuoni huandaa makongamano kila mwaka. Likizo moja tu ingetosha kuwapeleka wanachama vituoni, waandamane na waelekezi, daftari mkononi, wakiandika majina mti kwa mti.