Sapu ya Mama Watoto

Kuna neno moja ambalo ukilitaja kwenye nyumba yenye mwanachuo, watu wanapunguza sauti ya redio. Sapu. Kwa wale mliomaliza shule zamani mkasahau, sapu ni ule mtihani wa marudio unaopewa ukianguka somo. Ukifaulu unaendelea na wenzako. Ukianguka tena unarudia mwaka, au unafungasha virago kabisa.

Mwaka jana neno hilo lilihamia kwangu, Nyasho, Musoma.

Mama watoto ni muuguzi. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi chumba cha meno: kuandaa vifaa, kushika kile kimpira cha kunyonya mate, kuchanganya dawa ya kuziba, kumtuliza mgonjwa anayetetemeka kabla hata hajaguswa. Wenzetu Uingereza kazi hiyo ina mtihani wake, na tangu 2008 anayeifanya lazima awe amesajiliwa au awe masomoni. Huku kwetu msaidizi wa kiti cha meno mara nyingi ni muuguzi aliyepangiwa tu. Akitaka kupanda katika fani yenyewe, anarudi chuo kusomea stashahada ya utabibu wa meno, miaka 3. Akaenda, mbali na Musoma. Mimi nikabaki na watoto wawili, kompyuta ya kazi, na ada.

Matokeo ya muhula yakatoka: sapu mbili. Anatomia ya meno, na afya ya kinywa kwa jamii. Akarudi nyumbani akiwa na wiki 5 za kujiandaa.

Jamani, nilijiona mume bora. Yeye anaamka saa kumi alfajiri, mimi nachemsha chai. Anasoma daftari toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, halafu anaanza upya huku akipaka rangi ya njano kila sentensi aliyoiona muhimu. Mpaka mwisho wa wiki daftari zima lilikuwa njano kama shamba la alizeti. Jumamosi jioni, mbele ya watoto, nikalichukua kwa mbwembwe nikamuuliza: "Haya daktari, jino namba 36 ni lipi?"

Kimya. Akaangalia dari. "Nimelisoma leo asubuhi," akasema, halafu sauti ikapanda: "Kwani wewe umekuwa msahihishaji?" Usiku ule tulilala mzungu wa nne.

Nina shahada ya mawasiliano, lakini siku ile niliwasiliana kama tarumbeta. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumuuliza mbele ya watoto. Ila swali lenyewe halikuwa baya, na hapo ndipo penye mambo.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja liliisoma mara 4. Kundi jingine liliisoma mara 1 tu, kisha mara 3 likafunika karatasi na kuandika kila lililokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma mara 4 walikuwa mbele: walikumbuka kama asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliosomasoma walibaki na asilimia 40, waliojipima wakawa na 61. Yaani ukirudia kusoma, maneno unayazoea, na ukishayazoea unadhani unayajua. Mtihani haukuulizi kama sura ya ukurasa unaifahamu.

Nilimwonyesha Jumatatu, kwa unyenyekevu, nikiwa na sato wa kukaanga kutoka Mwigobero. Akacheka. Tukaanza upya.

Tuligeuza kalenda ya mwaka juzi, tukaibandika ukutani jikoni. Kila asubuhi, kabla ya kufungua daftari, anachora kinywa kizima kwa kichwa, kisha anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Namba za meno zinatisha mpaka uelewe zinavyopangwa: tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa, kuanzia juu kulia kwa mgonjwa na kuzunguka hadi chini kulia, ya pili ni jino la ngapi kutoka katikati. Basi 36 ni robo ya 3, chini kushoto, jino la sita: gego la kwanza la ukubwani, linaloota mtoto akiwa na miaka kama 6, na wazazi wengi hudhani ni la utoto litang'oka tu. Meno ya utoto ni 20, robo zake zinaanzia 5 mpaka 8. Ona, hata mimi nimeshika.

Alichokosa leo kinaulizwa kesho. Alichopata kinasubiri siku 3, halafu wiki. Na tukawekeana masharti: hakuna swali baada ya saa tatu usiku, ni kulala, na mimi marufuku kusema "lakini jana ulijua."

Jumamosi tulikuwa tunakwenda Bunda kwa dada yake. Tunapanda Hiace stendi ya Bweri, namuuliza kwa sauti ya chini. Siku moja konda akasikia, akaingilia: "Dada, mbona jamaa zangu wa Arusha meno yao ya kahawia, na wanapiga mswaki?" Akamjibu pale pale bila daftari. Maji ya kule yana floraidi nyingi, inaingia kwenye jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi, utotoni, ndiyo maana mswaki hauitoi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hiace nzima ikageuka darasa. Mzee mmoja akataka kufungua mdomo aangaliwe, tukamwomba asubiri tushuke.

Lakini swali gumu kuliko yote lilitoka Butiama, kwa mama yangu. Jumapili ile jirani alikuja na mjukuu, mtoto mchanga anayeharisha, fizi zina vimbe nyeupe. "Ana meno ya plastiki," jirani akasema, "kesho nampeleka kwa mtaalamu ayachimbue." Mama akaitikia kwa kichwa. Nikamwona mke wangu anameza mate. Kumpinga mama mkwe sebuleni kwake si mchezo.

Akaanza polepole, kwa "shikamoo" na "samahani mama". Zile si plastiki, ni chonge za utoto zinazojiandaa kutoka: 53, 63, 73 na 83. Ukizichimbua, mtoto anaweza kutoka damu nyingi, kupata maambukizi, hata kufa, na jino la ukubwani lililo chini yake likaharibika. Anayeharisha anahitaji ORS, vidonge vya zinki, na zahanati leo, si kesho.

Mama akamtazama. "Sasa mbona wengine wakichimbuliwa wanapona?"

Hilo halikuwemo kwenye daftari. Akanyamaza, nikadhani tumekwisha. Kisha akasema: "Mama, kuharisha kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Wanaopona wangepona hata bila kuchimbuliwa. Wale ambao hawakupona, hatuwasikii wakisimulia."

Mama hakukubali mara moja, ni Mzanaki. Akakumbusha kwamba hata Mwalimu Nyerere alichongwa meno yake ya mbele kwa desturi, na akaongoza nchi. Mke wangu akakubali, kisha akamweleza kuwa lile gamba gumu la nje likichongwa halioti tena. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Jirani alishaondoka na mjukuu mgongoni, na boda boda tuliyomlipia ilielekea hospitalini.

Usiku tukirudi Musoma aliniomba taa ya simu, akaandika lile swali la mama kwenye daftari. Akaliandika kwa kalamu nyekundu.

Alifaulu zote mbili. Anatomia kwa kubanwabanwa, afya ya jamii vizuri sana. Nilipotaka kuibandua kalenda jikoni akanikatalia. Muhula huu wanafundishwa kung'oa, na ameshanionyesha kiti gani nitakalia.