Soko Linalonunua Maji

Chukua chupa kavu ya kioo. Tia chumvi iliyoanikwa juani, kisha mahindi hadi theluthi ya chupa. Tikisa kwa dakika kadhaa, iache itulie, halafu itazame. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji mengi: unyevu umepita asilimia 15. Ikiporomoka yote chini, yameelekea kukauka. Asiye na subira hung'ata punje na kusikiliza mlio wake.

Mkulima, basi, anayajua mahindi makavu. Tujiulize anapata faida gani akiyakausha.

Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20 lina kilo 18 za maji. Likikaushwa hadi asilimia 13.5, kiwango cha juu kinachokubaliwa na Bodi ya Nafaka na Mazao ya Kenya, hubaki kilo 83 hivi. Karibu kilo 7 zimekwenda na upepo. Dalali anayefika shambani na mizani tu, bila kipima unyevu, atamlipa mwenye mahindi makavu bei ileile ya kilo anayomlipa jirani aliyeuza mabichi. Aliyekausha ametoa turubai, siku za jua na usiku wa kuhofia mvua, kisha amepunjika kilo 7. Panapouzwa kwa debe au gorogoro hali haibadiliki sana, maana punje yenye maji imevimba na kopo hujaa upesi.

Dalali naye si mjinga. Anajua kuna maji ndani ya gunia, kwa hiyo hushusha bei ya wote mapema ili asipate hasara. Hapo mwenye mahindi makavu anaadhibiwa mara mbili: uzito wake umepungua, na bei yake imeshushwa kwa sababu ya maji ya mwenzake.

Matokeo yake huishia sahanini. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara, ambako watu 20 walipoteza maisha. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda ikitaja sumu hiyohiyo, na malori yakakwama mipakani.

Jibu ambalo serikali hulikimbilia ni mashine. Mwaka 2023 Kenya iliagiza mashine 100 za kukaushia nafaka zinazoweza kuhamishwa. Sibezi hatua hiyo. Mavuno ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huangukia kati ya Oktoba na Desemba, na mwaka wa mvua nyingi jua halitegemeki. Lakini maji hayaondoki bure. Kuvukiza kilo 7 za maji kunahitaji, kwa hesabu ya karatasini, joto la karibu nusu lita ya dizeli, na mashineni huwa zaidi kwa kuwa joto jingi hupotea. Ongeza nauli ya kupeleka magunia matano kituoni na kuyarudisha. Mwenye magunia matano atayasafirisha ili yakapungue uzito?

Ukavu una gharama, na kila uvumbuzi wa kukausha uliofanikiwa ulikuwa na mtu wa kuilipa. Miaka ya 1950, katika Taasisi ya Lister nchini Uingereza, Leslie Collier alikamilisha njia ya kukausha chanjo ya ndui kwa kuigandisha, kisha kuondoa hewa hadi barafu igeuke mvuke bila kupitia hali ya maji. Chanjo hiyo ilistahimili joto la nchi zetu pasipo na friji, na mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya asili alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977. Mwanakijiji aliyechanjwa hakudaiwa gharama ya mtambo. Ilibebwa na mataifa. Kahawa ya Africafé inayotengenezwa Bukoba nayo imekaushwa kiwandani, na hapo mnywaji hulipa kwa kila kijiko. Katika mahindi tumemwachia gharama mkulima, kisha tunamshangaa anapoikwepa.

Dawa yake ni kubadili kinachonunuliwa. Bei itajwe kwa kilo ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 13.5, na gunia bichi la kilo 90 lihesabiwe kuwa kilo 83. Tanzania tayari inauza korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo ubora hupimwa kabla ya mnada. Wakala wa Vipimo wa nchi hiyo, anayekagua mizani na kupambana na lumbesa, yaani magunia yanayojazwa kupita kipimo, akague pia vipima unyevu, maana kipimo cha mnunuzi kisichokaguliwa ni lumbesa nyingine.

Kuna hoja nzito dhidi ya pendekezo hili. Mzazi anayedaiwa karo ya Januari huuza mabichi kwa sababu ya dhiki, na hesabu mpya itampunguzia shilingi siku ya kwanza. Ni kweli, ndiyo maana msimu wa mwanzo ungehitaji ada ya kukausha iliyopunguzwa kwa wakulima wadogo. Lakini mpango wa sasa haumwokoi. Unamficha makato yake ndani ya bei ya chini anayolipwa kila mtu.

Dalali akishuka kwenye lori na kipima unyevu pamoja na mizani, kijana mwenye mashine ya kukaushia atapata wateja bila kampeni. Hata ile chupa ya chumvi itakuwa na kazi mpya: kumwonyesha mkulima kama auze leo, au aanike siku mbili zaidi.