Mafuta Yaliyozima Moto wa Shangazi

Majuzi nilimtembelea shangazi yangu kule Mukurweini. Nilimkuta jikoni akipuliza kuni, macho mekundu kwa moshi.

"Tata, kwani gesi imeenda wapi?" nikamwuliza.

"Mtambo umekataa, mwanangu. Niliutilia ndoo mbili za mafuta kutoka buchari. Niliambiwa huleta moto mkali."

Mtambo wa shangazi hupokea samadi ya ng'ombe wake wawili pamoja na kinyesi cha chooni. Humo ndani, mahali pasipo hewa, vijidudu huozesha uchafu huo na kutoa methani, gesi inayowaka. Aliyemshauri hakudanganya. Samadi ni makapi ya chakula ambacho ng'ombe amekwisha kukitumia, lakini mafuta bado yana nguvu zake zote. Kilo moja ya mafuta ikioza kabisa hutoa karibu lita 1,000 za methani; kilo ya wanga hutoa kama lita 400 tu.

Hata huko Oakland, Marekani, kiwanda cha kusafisha maji taka huchanganya tope la vyoo na mafuta ya mikahawa. Kufikia mwaka wa 2012 kilikuwa kikizalisha umeme kuliko kilivyohitaji.

Lakini haraka haraka haina baraka. Mafuta yakizidi, hugeuka asidi inayowalemaza vijidudu. Mengine huelea, yakaganda na kuziba mabomba.

Je, ufanyeje? Anza na kikombe kimoja kwa siku, ukiyachanganya na samadi na maji ya uvuguvugu. Tazama moto kwa juma zima kabla ya kuongeza. Mtambo ukigoma, acha mafuta kabisa. Utie samadi mbichi kidogo kidogo, na ndoo ya tope kutoka mtambo wa jirani unaofanya kazi, kisha uwe na subira kwa majuma kadhaa. Choo nacho usikioshe kwa dawa kali za kuua viini. Zitawaua vijidudu wako.

La mwisho, akina mama: tope linalotoka kwenye mtambo wenye choo lisimwagwe kwenye sukuma wiki wala nyasi za ng'ombe, kwani mayai ya minyoo huweza kubaki hai. Lifukie kwenye mashina ya kahawa.

Shangazi ameanza upya, kikombe kwa kikombe. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.