Bao la Kompyuta na Ng'ombe wa Baba

Tuchukue mfano wa kijana wa Mogitu, chini ya Mlima Hanang, aliyetunga programu ya kucheza bao. Kabla ya kucheza, kompyuta hutazama mbele: nikianzia shimo hili, mwenzangu atajibu nini? Mchezo unasuasua. Kijana anamweleza baba yake kuwa kompyuta ni kuukuu, auze ng'ombe inunuliwe mpya.

Baba asikimbilie mnadani. Ikiwa kila zamu ina njia tano, kutazama zamu nane mbele ni kukagua mikao ya kete 390,625. Iko mbinu iitwayo alfa-beta, ambayo huacha njia mara tu inapojulikana kuwa haiwezi kubadili uamuzi. Mwaka 1975 Donald Knuth na Ronald Moore walichapa hesabu yake: njia zikipangwa vizuri kabisa, mikao hiyo hushuka hadi 1,249, na jibu ni lilelile. Mpangilio bora kiasi hicho ni nadra, tukubali. Hata hivyo, ni kompyuta gani ya bei ya ng'ombe mmoja itakayoizidi ya zamani kwa kasi mara mia tatu?

Sasa programu mpya ipimwe. Watu wa Hanang wanazijua mbio: Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 huko Edmonton, na wote walianza pamoja, wakapita njia moja. Vivyo hivyo, programu zote mbili zianze na kete zilizopangwa sawasawa, zitazame zamu zilezile, kwenye kompyuta ileile, kazi nyingine zikiwa zimefungwa. Kuchora ubao kwenye kioo kusimamishwe, kwani uchoraji hula muda na kuficha tofauti. Mchezo mmoja hautoshi. Saa haishiki vema kazi ya kufumba na kufumbua. Ichezwe michezo elfu, zoezi lirudiwe mara kumi, uchukuliwe muda wa katikati. Ihesabiwe pia mikao iliyokaguliwa, maana idadi hiyo haitegemei upya wa mashine.

Lakini kwanza kabisa yalinganishwe majibu. Programu inayosahau kete mbili njiani yaweza kuwa na kasi ya kushangaza! Kijana akishaleta karatasi ya vipimo mezani, ndipo habari ya ng'ombe izungumzwe, mama naye akiwapo.