LIVU YA KUMWUGUZA MTOTO



Safari hii hatuandiki habari za mshahara wala za nyumba. Twaandika habari za watoto wetu wanaopatwa na saratani, na za wazazi wanaowauguza huku wakitakiwa kazini. Pengine mtu atauliza, jambo hili lahusu chama kwa njia gani? Twajibu kwamba lahusu sana. Mara nyingi kinachomtoa mtoto hospitalini kabla ya kupona si daktari, bali ni livu iliyokwisha na nauli iliyokosekana.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa. Katika nchi yetu, hasa Nyanza, Magharibi na Pwani, kuna saratani inayovimbisha taya au tumbo la mtoto. Yaitwa Burkitt, kwa jina la Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeandika habari zake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa kadiri ya maili 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama uvimbe huo umeonekana. Wakatambua kwamba wafuata nchi za joto na mvua, penye malaria nyingi.

Saratani hiyo huenda mbio. Chembe zake zaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini yatibika. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Kampala na Nairobi waliona uvimbe ukinywea kwa dawa tu, na watoto wengine wakapona kabisa. Basi mtu asidhani kwamba kumpeleka mtoto hospitali ya saratani ni kumpeleka kufa. Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani hupona. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi nyingi za kimaskini hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka shabaha kwamba ifikapo 2030 wapone si chini ya 60 katika 100, dunia nzima.

Kwa nini wetu hupona wachache? Ugonjwa huchelewa kujulikana, dawa hukosekana, na matibabu huachwa katikati. Hili la mwisho ndilo lililo karibu na mikono yetu.

Matibabu huachwaje? Mtoto hutiwa dawa mshipani. Baada ya siku chache uvimbe umepungua, anacheka, anaomba uji. Watu wa nyumbani wasema: amepona, mrudisheni. Sivyo, ndugu. Chembe zilizobaki hazionekani kwa macho, na zikiachwa zitarudi kwa nguvu. Dawa yatakiwa kutolewa kwa zamu, miezi kadha. Na saratani ya damu yaweza kuchukua miaka miwili au zaidi. Kati ya zamu na zamu nywele hunyonyoka, damu hupungua nguvu, na homa yo yote ni hatari: mtoto arudishwe hospitali siku ile ile, asingojee kesho.

Sasa tutazame nyumba ya mfanya kazi katika miezi hiyo. Mama yu wadini Nairobi au Eldoret, analala kitini kando ya kitanda. Baba yuko stesheni ya mbali, ajipikia mwenyewe. Binti mkubwa, mwanafunzi wa darasa la sita, ndiye mama wa wadogo zake, masomo yamesimama. Mdogo kabisa yuko kwa nyanya yake. Shamba halikulimwa. Mume na mke wakizungumza kwa simu, wazungumza fedha tu. Kisha watu wa ukoo waanza kunong'ona: ni laana, ni uchawi, ni upande wa mama. Twasema wazi: saratani ya mtoto haiambukizi, si laana, na si matendo ya mama yaliyoileta. Mama huyo ataka kupokewa zamu apate kulala, si kulaumiwa.

Na sheria je? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi livu ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Yampa pia siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, lakini hizo ni za ugonjwa wake mwenyewe. Ya kumwuguza mtoto haikuwekwa. Tuseme daktari ataka mtoto aingie wadini mara 6, kila mara siku 5 za kazi. Hizo ni siku 30. Ukitumia livu yako yote ya mwaka, bado siku 9. Zitatoka wapi? Zatoka katika mshahara, au mzazi aitwa mtoro, au mtoto harudi hospitali.

Tena, tangu Oktoba 2024 twakatwa 2.75 kwa kila shilingi 100 za mshahara kwa ajili ya SHA. Kila mwanachama ahakikishe sasa kwamba mwenzi wake na watoto wameandikwa, wala asingojee ugonjwa. Lakini bima hiyo hailipi nauli, wala chakula cha mama, wala siku ya kazi iliyokatwa.

Mwajiri atasema livu kama hiyo ni gharama. Nasi twamwuliza: mtu wa signali aliyekesha wadini siku mbili, akarudi moja kwa moja kushika zamu ya usiku, je, hiyo si gharama? Kosa moja la mtu aliyechoka laweza kuwaua watu wengi.

Basi twapendekeza mambo matatu. La kwanza, mapatano yetu na mwajiri yawe na kifungu cha livu yenye mshahara kwa mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa mkubwa, kwa barua ya daktari, bila kuigusa livu ya mwaka. Sheria yenyewe, kifungu cha 26, yakubali mapatano yapite kiwango chake. La pili, mzazi huyo akiomba kubadilishana zamu au kuhamishiwa karibu na hospitali, mwakilishi wa chama amsimamie, asiachwe kubembeleza peke yake. La tatu, kila tawi liwe na mfuko mdogo wa nauli. Sisi ni hodari wa kuchanga siku ya matanga. Hata ndugu asiyemjua marehemu hutoa. Fedha za jeneza moja zingelipa safari ngapi za hospitali? Tuchange mtoto akiwa hai.

Makatibu wa matawi walilete jambo hili katika mkutano ujao, na kila tawi lihesabu wanachama wake wanaouguza watoto sasa. Tukienda mezani kwa mwajiri bila hesabu hiyo, tutaambiwa kwamba twazungumza habari za mtu mmoja.