Boksi Linamjua Wakala, Halimjui Mvuvi

Lisome boksi la minofu ya sangara linaloondoka Mwanza kwenda Ulaya. Lebo iliyobandikwa ubavuni inataja jina la samaki, pamoja na lile la kisayansi, Lates niloticus. Inasema amevuliwa, hakufugwa. Ametoka Ziwa Victoria, Tanzania. Kuna tarehe, namba ya bechi, na alama iliyobeba msimbo wa nchi na namba ya kiwanda. Mnunuzi akiingiwa na shaka, namba ya bechi itamrudisha hadi siku minofu ile ilipokatwa. Akitaka kwenda nyuma ya hapo, atakutana na wakala aliyekiuzia kiwanda samaki, na safari yake itaishia hapo.

Maana huko ziwani boti ya kukusanya hupita kisiwa hadi kisiwa, ikipokea samaki wa mitumbwi mingi na kuwalaza wote kwenye barafu moja. Kiwanda hakivunji sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 178 ya mwaka 2002 inataka kila mfanyabiashara ajue nani kamuuzia na yeye kamuuzia nani. Hatua moja nyuma, moja mbele. Swali ni kama sisi wenye ziwa turidhike na kipimo hicho.

Mimi siridhiki, na sababu yangu ni ya mwaka 1999. Baadhi ya wavuvi walitumia sumu, na soko la Ulaya likafungwa kwa sangara wa Tanzania, Kenya na Uganda, hata wa mtu ambaye hajawahi kuishika hiyo sumu. Tunapenda kusema samaki mmoja akioza wameoza wote, kana kwamba hayo ni maumbile ya samaki. Ni maumbile ya mzigo usiojulikana ulikotoka. Mwenye uwezo wa kuonyesha maboksi arobaini yenye kasoro huondoa hayo arobaini.

Wenye viwanda hulalamikia gharama, lakini uchapaji ndio sehemu nyepesi. Karatasi inayochapwa kwa joto pekee hufifia, kwa hiyo hutumika utepe wa wino unaostahimili maji na baridi. Gundi huchaguliwa ya kuhimili nyuzi 18 chini ya sifuri. Na lebo hubandikwa boksi likiwa bado kavu, kabla halijaota jasho la baridi. (Lebo ikidondoka ndani ya chumba cha barafu, boksi limekuwa yatima.) Hayo yote fundi anayamudu. Asichokimudu ni kuchapa habari ambayo hakuna aliyeiandika mwaloni alfajiri.

Nani aiandike? Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vile tunavyoviita BMU, vipo tayari mialoni, na mitumbwi ina namba za usajili. Kitambulisho cha plastiki kwenye kreti, chenye namba ya mtumbwi, tarehe na uzito, kingetosha kuanzia, ilimradi boti ya kukusanya isichanganye kreti. Hapo ndipo penye gharama ya kweli: nafasi zaidi, barafu zaidi, muda zaidi. Aibebe anayeuza Ulaya, si mwenye mtumbwi.

Mvuvi naye ana hofu yake, na siibezi. Karatasi yenye namba ya chombo chake ameizoea kama mwanzo wa faini. Operesheni Sangara ya 2018, ya kupambana na uvuvi haramu, iliacha nyavu zikiteketea kwa moto, na aliyeshuhudia hatakimbilia kuandikisha samaki wake kwa hiari. Lakini mvuvi huyohuyo mara nyingi amekopeshwa nyavu na mafuta na wakala, na wakala ndiye anayepima na kupanga bei. Uzito ulioandikwa mwaloni, nakala ikabaki mkononi mwa mvuvi, ungekuwa ushahidi wake wa kwanza katika biashara hiyo. Ukianza kwa kumlinda, atauandika mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia mwaloni. Lebo ya kiwandani inamhudumia mlaji wa ng'ambo tu, wakati sangara waliokataliwa kiwandani, mapanki (mifupa inayobaki minofu ikishakatwa), na kayabo (sangara wa chumvi) wa kwenda Kongo hupita njia nyingine. Nenda sokoni Kirumba, hapo Mwanza, umuulize muuzaji samaki huyu ametoka wapi. Atakuelekeza ziwani kwa kidole.